Kisa cha Kaunti ya Johnson, 1892: walishindwa kwa bunduki, wakashinda kwa karatasi

Katika filamu ya Shane ya mwaka 1953, mzee Ryker, tajiri wa ng'ombe, anafika usiku nyumbani kwa mlowezi Joe Starrett na kutoa hotuba ambayo watazamaji wengi huisahau kwa kuwa hakuna risasi inayolia ndani yake. Anasema wao ndio waliofika kwanza. Walipigwa mishale, walizika wenzao, wakaifanya nchi ikalike. Leo wanakuja watu na majembe na seng'enge, wanamzuia asifike mtoni. Starrett anamkata: kabla yenu walikuwapo wategaji wanyama na wafanyabiashara, na serikali haioni mambo kama uyaonavyo wewe. Ni mabishano mazuri ya ardhi, kila upande una neno la kusema. Lakini filamu haikai hapo. Yupo muuaji wa kukodiwa mwenye glavu nyeusi, yupo stelingi mpole mwenye bastola, na kuanzia hapo swali la nani mwenye haki linageuka kuwa swali la nani mwepesi wa kuchomoa silaha.

Sisi tuliokulia kwenye picha za kaboi tunaijua kanuni: stelingi hafi. Adui mkubwa anaanguka mwishoni, ukumbi mzima unapiga mluzi, watu wanarudi makwao.

Riwaya ya Jack Schaefer iliyozaa filamu hiyo imewekwa Wyoming, mwaka 1889. Miaka mitatu baadaye, katika jimbo hilohilo, ugomvi wa namna hiyohiyo ulilipuka kweli. Unaitwa Vita vya Kaunti ya Johnson. Humo wauaji wa kukodiwa waliaibika, mtu ambaye angekuwa stelingi aliuawa siku ya kwanza ya mapigano, na waliopanga mauaji hawakuhukumiwa hata siku moja ya kifungo. Tuipitie kesi hiyo, maana waliookoka hawakuokolewa na mtutu.

Nchi yenye nyasi za bure

Bonde la Mto Powder liko kaskazini mwa Wyoming, mashariki ya milima ya Bighorn. Mkataba wa Fort Laramie wa 1868 uliwaachia wenyeji wa asili nchi hiyo iwe ya kuwinda. Mkataba haukudumu hata miaka kumi. Vita vya 1876 viliuvunja, na Novemba mwaka huo jeshi la Marekani liliteketeza kijiji cha Wacheyenne, kabila mojawapo la wenyeji hao, kwenye tawi moja la mto huo, karibu na mahali ambapo leo pana mji mdogo wa Kaycee. Kumbukeni jina hilo, tutarudi palepale. Ryker na Starrett wanapobishana nani alitangulia, wote wawili wamesimama juu ya uwanja wa mtu wa tatu ambaye hakualikwa barazani.

Wenyeji walipoondolewa, wakaja ng'ombe, wakaja na mitaji ya London na Edinburgh. Mmoja wa wakubwa alikuwa Mwingereza Moreton Frewen, aliyemwoa mama mkubwa wa Winston Churchill. Kampuni yake ya Powder River iliundwa 1882 kwa fedha za wanahisa wa Uingereza ambao wengi hawakuwahi kuona hata kwato ya ng'ombe wao. Hesabu ilikuwa tamu: ardhi ni ya serikali, nyasi ni za bure, ng'ombe anajilisha, wewe unagharimia makaboi wachache na nauli ya treni hadi Chicago. Hati ya ardhi hakuna aliyeihitaji. Ukishashika maji, umeshashika nyasi zote zinazoyazunguka, kwa sababu hakuna ng'ombe atakayekula mahali asipoweza kunywa.

Tatizo ni kwamba ardhi hiyohiyo ilikuwa na sheria nyingine juu yake. Tangu 1862 sheria ya makazi ilimruhusu mtu kuchukua ekari 160 za serikali, akaishi na kuziendeleza miaka 5, kisha akapewa hati. Mwenye ekari 160 kando ya kijito angeweza kumfungia maji tajiri mwenye ng'ombe elfu nyingi. Matajiri walilijua hilo mapema, na wengi waliitumia sheria hiyohiyo kwa ujanja, wakiwaandikisha makaboi wao kwenye viwanja vya kando ya maji ili viishie mikononi mwa kampuni. Walowezi wa kweli walipoanza kuja kwa wingi, viwanja vizuri vilikuwa vinagombewa.

Halafu ukaja msimu wa baridi wa 1886 hadi 1887. Kiangazi kilichotangulia kilikuwa kikavu, malisho yalikuwa yamezidiwa na mifugo, na theluji ilipoganda juu ya nyasi ng'ombe walikufa kwa makundi. Kampuni nyingi hazikuinuka tena. Zilizobaki zilikuwa na vitabu vya hesabu vilivyoonyesha ng'ombe ambao porini hawakuwapo. Wengine walikufa kwa baridi, wengine hawakuwahi kuwapo kabisa, kwa sababu makundi yaliuzwa kwa kukadiriwa kitabuni bila mtu kuhesabu vichwa. Lakini meneja anayeandika barua kwa wanahisa hawezi kusema "tulidanganywa tangu siku ya kununua". Ni rahisi zaidi kuandika "tunaibiwa".

Ndama asiye na chapa

Hapa ndipo moyo wa kisa ulipo, na filamu huruka hapa kwa sababu hapapendezi kwenye skrini.

Ng'ombe wa nchi ile hawakulala zizini. Walitawanyika mwaka mzima, kisha majira ya machipuko makaboi wa kampuni zote walitoka pamoja kuwakusanya na kuwapiga chapa ndama. Ndama humfuata mama, kwa hiyo chapa ya mama ndiyo ilisema ndama ni wa nani. Lakini wapo waliopotea, waliofiwa na mama au walioruka mkusanyo, wakakua bila chapa. Kwa desturi ya zamani, wa namna hiyo alikuwa wa atakayemkuta kwanza. Kaboi aliyekuwa na kamba na chuma cha moto angeweza kuanza maisha kwa ndama watatu wanne, na matajiri kadhaa walianza hivyohivyo.

Mwaka 1884 mlango huo ukafungwa. Bunge la Wyoming, wakati huo bado haijawa jimbo, lilipitisha sheria kwamba kila ndama asiye na chapa ni mali ya Chama cha Wafugaji cha Wyoming, auzwe mnadani, na fedha zilipe wakaguzi wa Chama. Mkusanyo halali ukawa ule wa Chama peke yake. Tafakari jambo hilo. Chama cha watu binafsi, chenye makao Cheyenne, mji mkuu wa Wyoming, ambako wakubwa wake walikutana kwenye klabu yao kula na kunywa, kilipewa mamlaka ya kusema ndama wa porini ni wa nani katika nchi nzima. Waliotunga sheria na waliofaidika nayo walikuwa kwa sehemu kubwa watu walewale.

Chama kilikuwa na karatasi nyingine pia: orodha nyeusi. Kaboi aliyethubutu kuwa na ng'ombe wake na chapa yake alihesabiwa mwizi mtarajiwa, na hakuna mwanachama aliyeruhusiwa kumwajiri. Jack Flagg ni mfano. Mwaka 1886 alikuwa miongoni mwa makaboi waliogoma baada ya mishahara kupunguzwa. Kisha akanunua ng'ombe na chapa pamoja na wenzake. Jina lake likaingia orodhani, na baada ya hapo hakuwa na njia ila kufuga mwenyewe. Hivyo ndivyo matajiri walivyozalisha maadui zao: waliwafukuza watu waliojua kila kijito, kila kundi na kila chapa, kisha wakashangaa kuwaona wamejenga vibanda kando ya mto. Hao si wakulima wanyonge wa Shane wenye majembe na nguruwe. Wengi wao walikuwa wafugaji, makaboi wa jana.

Je, wizi haukuwapo? Ulikuwapo, na mchambuzi anayeukana anaharibu kesi yake mwenyewe. Walikuwapo waliobadilisha chapa kwa chuma cha moto, waliomtenga ndama na mama, waliochinja ng'ombe wa kampuni na kufukia ngozi. Matajiri walipeleka kesi mji wa Buffalo, makao ya kaunti, na mara nyingi wakashindwa, kwa kuwa waliokaa kwenye jopo la kuamua walikuwa majirani wa mshtakiwa na waliona sheria ya 1884 kuwa ndiyo wizi wa kwanza. Kwa macho ya Cheyenne, ilikuwa kesi ya ngedere kupelekwa kwa nyani. Malalamiko hayo yalikuwa na ukweli ndani yake. Ila tiba waliyoichagua haikuwa ya kutafuta mahakama nyingine.

Kamba kabla ya bunduki

Julai 1889, kando ya Mto Sweetwater, mbali kusini ya Kaunti ya Johnson, wafugaji sita wakiongozwa na Albert Bothwell walimnyonga Ella Watson na Jim Averell juu ya mti mmoja. Averell alikuwa na duka na ofisi ya posta, na alikuwa ameandika gazetini kuwashambulia wakubwa wa ng'ombe. Watson alikuwa amejiandikisha kiwanja chini ya sheria ya makazi, katika malisho ambayo Bothwell aliyahesabu kuwa yake. Magazeti ya Cheyenne yakamchora kuwa malaya na mwizi aliyepewa jina la Kate wa Ng'ombe. Jina likashika kuliko ukweli. Kesi ilikufa kwa kuwa mashahidi walitoweka au walifariki kabla ya kutoa ushahidi. Baadaye ardhi iliyokuwa ikigombewa iliingia mikononi mwa Bothwell.

Funzo ambalo wakubwa walilipata pale halikuwa zuri kwa mtu yeyote: unaweza kuua, na shahidi akikosekana hakuna kesi.

Mwaka 1891 mambo yakahamia kaskazini. Mfuga farasi mmoja alinyongwa Juni. Alfajiri moja ya Novemba watu wenye silaha waliingia kwa ghafla kibandani mwa Nate Champion, mzaliwa wa Texas, mfugaji mdogo aliyeheshimiwa sana na makaboi. Champion alikuwa kitandani. Akachomoa bastola chini ya mto wa kulalia, akawafukuza, na akawatambua baadhi yao. Wiki chache baadaye wafugaji wawili, Orley Jones na John Tisdale, walipigwa risasi wakirudi kutoka Buffalo. Aliyeshukiwa kumuua Tisdale alikuwa Frank Canton, sherifu wa zamani wa kaunti hiyohiyo ambaye sasa alilipwa na Chama. Alifikishwa mbele ya hakimu, akaachiwa.

Wafugaji wadogo wakajibu kwa hatua ambayo naiona ndiyo iliyowasha moto, kuliko wizi wowote wa ndama. Wakaunda chama chao na kutangaza kwamba wataanza mkusanyo wao tarehe 1 Mei 1892, mapema kuliko ule wa Chama, na Champion atakuwa mmoja wa wasimamizi. Walitangaza hadharani, gazetini. Mwizi wa usiku hafanyi hivyo. Walichokuwa wakidai ni mamlaka ya kumpiga chapa ndama, yaani kiini chenyewe cha sheria ya 1884.

Treni

Maandalizi ya wakubwa yalianza na waraka. Machi 1892 makao makuu ya wanamgambo wa jimbo yalitoa amri kwamba vikosi vyote visitii mwito wa mtu yeyote isipokuwa gavana. Kwa kawaida sherifu aliyezidiwa angeweza kuwaita. Kwa waraka mmoja, sherifu wa Johnson, William Angus, alinyang'anywa jeshi lake kabla hajajua kwamba atalihitaji.

Jioni ya tarehe 5 Aprili treni maalumu iliondoka Cheyenne, mapazia ya behewa yameshushwa. Ndani mlikuwa na watu wapatao 50: zaidi ya 20 kati yao wapiganaji waliokodiwa Texas, wengine wafugaji wakubwa, wapelelezi wa mifugo akiwemo Canton, daktari wa upasuaji, na, jambo la ajabu, waandishi wawili wa habari. Kiongozi alikuwa Frank Wolcott, meja wa zamani katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kwa ungamo la mmoja wa waliokodiwa, malipo yalikuwa dola 5 kwa siku na dola 50 za ziada kwa kila atakayeuawa. Walikuwa na orodha ya watu wa kuuawa. Wengi huitaja kuwa na majina 70, na sherifu mwenyewe akitajwa miongoni mwao. Nyaya za telegrafu kwenda Buffalo zilikatwa ili mji usipate habari.

Mwandishi mmoja alikuwa Sam Clover wa gazeti la Chicago Herald. Unapomchukua mwandishi kwenda kushuhudia mauaji, maana yake huyaoni kuwa mauaji. Waliamini wanakwenda kufanya kazi ya serikali.

Mpango wa awali ulikuwa kufika Buffalo moja kwa moja na kuukamata mji. Walishuka Casper asubuhi ya tarehe 6 na kwenda kaskazini kwa farasi katika theluji na matope. Njiani wakasikia kwamba Champion yuko kwenye ranchi ya KC. Wakabishana. Baadhi walitaka waendelee. Wengine wakasema nyama ipo mbele ya mdomo, kwa nini tuiache? Wakageukia KC. Siku hiyo moja ndiyo iliwaharibia kila kitu.

KC

Alfajiri ya tarehe 9 Aprili walikizingira kibanda. Ndani walikuwa Champion, mwenzake Nick Ray, na wategaji wanyama wawili waliolala hapo kama wageni. Wageni walitoka mmoja baada ya mwingine asubuhi, wakakamatwa kimya. Ray alipotoka alipigwa risasi. Champion akatoka katikati ya mvua ya risasi, akamburuta rafiki yake ndani, na kuanzia hapo akawa peke yake dhidi ya watu 50.

Kati ya mashambulizi aliandika kwenye kijitabu cha mfukoni. Maandishi yake yametufikia kupitia gazeti la Clover, nami siyajui maneno ya filamu yoyote ya kaboi yanayoyafikia kwa uzito. Hakuna majigambo humo. Anaandika saa, anaandika kwamba Ray bado hai, kisha kwamba Ray amefariki. Anaandika: "Jamaa, najisikia mpweke sana sasa hivi. Laiti angekuwapo mtu hapa nami, tungeangalia pande zote kwa pamoja." Anasikia kuni zinapasuliwa na anaelewa maana yake.

Alasiri, Jack Flagg alipita barabarani na mwanawe wa kambo aliyeendesha mkokoteni, hawajui lolote. Walifukuzwa, wakauacha mkokoteni na kuponyoka na farasi. Mkokoteni huohuo ukajazwa nyasi kavu na kuni, ukasukumwa hadi ukutani na kuwashwa moto. Mstari wa mwisho wa Champion ni kwamba nyumba yote imeshika moto, na kwaherini jamaa, kama sitawaona tena. Akatia sahihi jina lake kamili. Kisha akatoka nje akikimbia na bunduki mkononi, wakampiga risasi, na wakamwachia kifuani karatasi inayowaonya wezi wa ng'ombe.

Mtu mmoja alikuwa amewachelewesha karibu siku nzima. Na ranchi ya KC ndiyo Kaycee niliyoitaja juu: jina la mji limetokana na herufi za chapa hiyo.

TA

Flagg alifika alikokuwa anakwenda na kusambaza habari. Mfugaji mwingine jirani aliyesikia milio alishakimbilia Buffalo. Sherifu Angus akaomba wanamgambo. Akajibiwa kwa waraka wa Machi. Akaomba jeshi la Fort McKinney, kambi iliyo jirani kabisa na mji, akakataliwa. Akabaki na raia. Mfanyabiashara Robert Foote, mzee mwenye ndevu nyeupe, alifungua duka lake na kugawa bunduki na risasi kwa yeyote atakayekwenda. Waliokwenda walipita 200: wafugaji, wakulima, mafundi, watu wa mjini.

Wavamizi walipopata habari kwamba mji mzima umeinuka, waligeuza na kujifungia kwenye ranchi ya TA, kilomita 20 na kitu kusini mwa Buffalo. Ukageuka mchezo: waliokwenda kuzingira wakazingirwa, kuanzia tarehe 11 Aprili. Mikokoteni yao ya mizigo iliyobaki nyuma ikatekwa pamoja na risasi na baruti za kulipulia. Wananchi wakaunganisha mikokoteni miwili na magogo, wakatengeneza ngao ya kusukuma kuelekea nyumba ili baruti za wavamizi wenyewe zitupwe dirishani. Kufikia asubuhi ya tarehe 13 chombo hicho kilikuwa kinasogea. Kwa kipimo cha bunduki, Wolcott na wenzake walikuwa wamekwisha.

Kilichowaokoa ni telegramu. Amos Barber, kaimu gavana, aliyekaa kimya siku zote Champion na Ray wakiuawa, alimwandikia Rais Benjamin Harrison kwamba Johnson kuna uasi na jimbo linahitaji askari. Jibu lilipochelewa, maseneta wawili wa Wyoming, Francis Warren na Joseph Carey, walikwenda Ikulu usiku na kumwamsha rais. Amri ikapita kwa waya hadi Fort McKinney. Asubuhi hiyohiyo askari wa farasi wa kikosi cha 6, chini ya Kanali Van Horn, walitokea TA, na risasi zikakoma. Wolcott alikubali kujisalimisha kwa kanali, si kwa sherifu. Angus aliomba apewe watuhumiwa kwa kuwa kosa limetendwa katika kaunti yake. Alinyimwa.

Neno "uasi" lilifanya kazi kubwa kuliko kikosi kizima. Katiba ya Marekani inaitaka serikali kuu kulilinda jimbo dhidi ya machafuko ya ndani endapo bunge la jimbo litaomba, au gavana ikiwa bunge haliwezi kuitishwa. Gavana aliomba, rais akatimiza. Kwenye karatasi hakuna kasoro. Kwamba waasi waliotajwa ni sherifu aliyechaguliwa na wapiga kura wake, na waliohitaji kuokolewa ni genge lililochoma nyumba na mtu ndani, hayo hayakuwa kwenye telegramu.

Mahakamani

Yaliyofuata yanaweza kuelezwa kwa kifupi, kwa kuwa yalikwenda kama yalivyopangwa. Wafungwa walihamishiwa Cheyenne, kati ya marafiki zao, wakitembea mjini kama wageni wa heshima. Gharama ya kuwatunza ilitozwa Kaunti ya Johnson, ambayo hazina yake haikuweza kuibeba. Wale wategaji wawili, mashahidi pekee wa KC wasiokuwa upande wa wauaji, walisafirishwa kimyakimya hadi mashariki ya mbali ya nchi na kulipwa kwa cheki ambazo baadaye zilirudi benki hazina fedha. Watexas waliachiwa kwa dhamana, wakaenda kwao, wasirudi. Asa Mercer, mhariri aliyechapisha lile ungamo la aliyekodiwa, aliona mitambo yake ikikamatwa kwa kesi ya deni. Januari 1893, baada ya mamia ya watu kuhojiwa na jopo kushindwa kutimia, mwendesha mashtaka wa kaunti iliyofilisika aliiondoa kesi.

Katikati ya hayo kuna tawi la kisa ambalo filamu hazigusi kabisa. Kiangazi cha 1892, kwa ombi la wakubwa wa ng'ombe, serikali ilipeleka Wyoming kikosi cha 9 cha askari wa farasi, askari weusi chini ya maofisa weupe. Hoja ilikuwa kwamba askari weusi hawatawaonea huruma wakazi weupe wa pale. Juni wakapigana risasi na watu wa kijiji cha Suggs, na askari mmoja akafa. Wao na wakazi wa Suggs hawakuwa na ugomvi wa ardhi wala wa ndama.

Nani alipata nini

Ukiipima kesi kwa miezi, wakubwa walishindwa. Orodha yao ya mauaji ilipata watu wawili tu KC. Wakati wa uchaguzi wa Novemba 1892 wapiga kura wa Wyoming waliwaadhibu Warepublican, chama cha Barber na Warren, na kumweka gavana kutoka chama cha Democrat, na Warren akapoteza kiti cha Seneti. Chama cha Wafugaji kikalazimika kufungua milango kwa wafugaji wadogo, na wengi wakajiunga.

Ukiipima kwa miaka, hesabu inageuka. Warren alirudi Seneti 1895 na kukaa humo hadi kufa kwake 1929. Carey alikuja kuwa gavana. Canton, mpelelezi wa kulipwa, akawa mkuu wa walinzi wa taifa huko Oklahoma. Mauaji ya Champion na Ray, ya Watson na Averell, ya Jones na Tisdale, hayana hata hukumu moja.

Na ardhi? Malisho ya wazi yaliendelea kumomonyoka, seng'enge kwa seng'enge, hadi 1934 serikali ya Marekani ilipopitisha sheria ya kuyasimamia: kuanzia hapo kulisha kwenye ardhi ya umma kulihitaji kibali na ada. Kipaumbele cha kibali kilipewa mfugaji ambaye tayari ana ardhi au maji yake jirani. Watoto wa walowezi wa 1892 waliokuwa wameshikilia ekari zao 160 kando ya kijito walikuwa na hati ya kuonyesha dirishani. Ranchi kubwa zilikuwa na hati nyingi zaidi.